Siku sita kwa tanga, Masese hadi Mfangano

Siku ya kwanza

Tulitweka tanga saa kumi na moja alfajiri, na kabla mwalo wa Masese, hapa Jinja, haujapotea nyuma yetu nilijua kwamba nimelishona vibaya. Nilinyamaza. Mjomba alikuwa ameshika usukani akitabasamu peke yake gizani, na mtu mwenye furaha ya namna ile humsumbui na habari za mshono.

Kazi yangu ni turubai. Nina cherehani mbili hapa Jinja, na zimenilisha kwa mahema ya arusi, viti vya boda boda na vifuniko vya malori yanayoshuka kutoka Malaba. Tanga sikuwahi kushona. Mjomba, ndugu wa mama yangu, mvuvi Msamia wa upande wa Busia, alikuja dukani na kamba yenye mafundo matatu. Fundo hadi fundo ndicho kilikuwa kipimo. Alikuwa amechoka na injini. "Petroli inakula samaki kabla yangu," alisema. Enzi za Amin, mafuta yalipoadimika, alikuwa kijana na alisafiri kwa tanga hadi kisiwa cha Dolwe. Baadaye injini zikajaa kwenye ziwa hili la Nalubaale, ambalo ramani zinaliita Victoria, na matanga yakaishia kuanikiwa mukene, wale dagaa wa ziwani. Sasa alikuwa amesikia kwamba Mfangano, kisiwa cha Kenya, wapo wavuvi ambao bado wanatumia upepo. Hajawahi kufika huko. "Twende tukaone wanavyokata kitambaa," akaniambia. "Mimi nitaangalia tu, wewe ndiye utakayeelewa."

Karatasi za kuvuka mpaka tulizishughulikia kabla ya kuondoka, na zile siku tatu za foleni sitazisimulia.

Nilikuwa pia na sababu yangu ya pembeni. Nimezaliwa Tororo, chini ya lile jiwe. Wapitao kwa basi kwenda Nairobi wanalijua: limesimama peke yake kando ya mji kama jino, kilele chake mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Shuleni tulifundishwa kwamba ni koo la volkano iliyokufa. Mwili umeliwa na mvua, koo limebaki. Mwalimu yuleyule alitutajia Mfangano, kwamba nayo ni kipande cha volkano, ila iko ndani ya maji. Jina hilo sikulisahau.

Basi tulikuwa watatu: Mjomba, mwanawe wa mwisho ambaye ana miaka kumi na tisa, na mimi. Boti ni ya mbao, futi 28. Mlingoti ni mkaratusi uliochongwa nyumbani, na foromali, mti wa juu unaobeba tanga, ni mianzi miwili iliyofungwa pamoja kwa mpira wa tairi. Nyuma tuliweka injini ndogo ya akiba, tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika kwa mtu aliyetuapia kwa jina la mama yake.

Upepo wa alfajiri hutoka nchi kavu. Usiku nchi inapoa upesi kuliko maji, hewa yake inateremka kwenda ziwani, na ukiuwahi unakutoa kwenye ghuba ya Napoleon bila jasho. Tuliuwahi. Tulipita vizimba vya samaki na mabonge ya gugumaji yakielea kuelekea Nile. Kufikia saa tatu upepo ulikufa, na saa tano ukageuka ukatupiga usoni kutoka kusini. Hapo ndipo kosa langu lilipojianika mchana kweupe. Tanga lilikaa bapa kama ukuta wa hema. Tukibisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, kushoto, tukibisha kulia, boti ilikwenda pembeni kama kaa. Binamu yangu alishika kasia bila kuambiwa.

Lingira, kimoja cha visiwa vya Buvuma, tuliingia jioni. Posho, maharage, usingizi.

Siku ya pili

Mjomba alituamsha saa nane za usiku. Hakukuwa na mwezi, na ziwa lilikuwa limewaka. Ukiwa nchi kavu unajua tu kwamba mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Ukiwa katikati yake unaona mji mzima umehamia majini, mitaa na mitaa ya taa, na kila taa ina wanaume wanne wanaobishana juu ya wavu. Walituita: "Injini imekufa? Tuwavute?" Mjomba akajibu kwa Kisoga, kwa Kiswahili, halafu kwa Kisamia: tunasafiri kwa upepo. Boti moja ilikaa kimya kidogo, kisha mtu akauliza kwa Kiswahili safi cha Mwanza kama hatuna akili.

Kulipopambazuka hatukuona nchi upande wowote. Nimeishi kando ya Nalubaale muda mrefu na sikuwahi kukosa kuuona ukingo. Ziwa hili lina karibu kilomita za mraba 68,800; tarakimu hiyo niliikariri kwa ajili ya mtihani bila kuisikia tumboni. Pale katikati niliisikia.

Saa nne asubuhi binamu yangu, aliyekuwa akitazama ramani ya simu yake, alipiga kelele kwamba tumefika kwenye sifuri. Ikweta. Mjomba aliuliza kama inaonekana. Tukamwambia haionekani. "Basi ipiteni taratibu msije mkaikata," akasema, akarudi kwenye usukani wake.

Jua lilipokuwa linainama tuliona Dolwe, ambayo ramani nyingi zinaiandika Lolui: mawe makubwa ya mviringo yamebebana, weupe wa ndege juu yake. Si volkano. Ni itale, mwamba wa kale mno uliopoa chini ya ardhi na kufunuliwa polepole. Nalitaja hilo kwa sababu tofauti yake niliielewa siku tatu baadaye kwa mikono.

Siku ya tatu, Dolwe

Kwenye mwalo mtu mmoja alimuuliza Mjomba kwa nini amebeba mwanamke kwenye boti. Mjomba hakugeuka. "Huyo ni fundi wa injini," akasema, akaonyesha tanga.

Upepo ulikuwa mbaya, hivyo tulikuwa na siku nzima ya kutembea. Mvulana mmoja alitupeleka juu kwenye mawe yanayolia. Nilikuwa nimesikia habari zake na nikadhani ni maneno ya kuuzia watalii. Yule mtoto akaokota jiwe dogo, akagonga jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala, nalo likalia kengele. Akagonga pembeni, likatoa sauti nyingine. Pale panapogongwa pana vishimo laini, vimechimbwa na mikono ya watu wengi kwa miaka mingi mno. Karibu yake miamba ina mashimo ya mviringo, mengi hata huwezi kuyahesabu, kana kwamba kisiwa kizima kilikuwa jiko la kusagia nafaka. Binamu yangu, ambaye hupiga ngoma kanisani, alikaa akajaribu mawe matatu mpaka akapata mdundo. Wavuvi wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu kule chini wakaanza kutikisa mabega.

Waliochimba vishimo vile hawapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwa hivi, na serikali ya Waingereza ikawahamisha waliobaki ili mbung'o wakose damu ya binadamu. Dolwe ilibaki tupu. Wanaoishi hapo leo wengi wamekuja na samaki, kutoka kila upande wa ziwa, ndiyo maana Kiswahili kinasikika kwenye mwalo kuliko nilivyotarajia. Niliuliza wakongwe wa Dolwe wako wapi. Mama muuza chai akacheka, akasema yeye ndiye mkongwe, amekaa miaka tisa.

Siku ya nne

Mvua ya radi ilitupiga kabla ya mapambazuko. Wavuvi wanajua kwamba ziwa hili hupika dhoruba zake usiku: pepo za nchi zote zinakutana katikati ya maji yenye joto, mawingu yanapanda, na asubuhi ndiyo zamu yake ya kufa mtu. Tulikuwa tumetia nanga, tanga limekunjwa, lakini nani alilifunga? Mimi. Upepo uliingia chini ya mkunjo ukalifungua lote, likapiga kama mjeledi kwa dakika kumi, labda kumi na tano. Lilipotulia mshono wa tatu ulikuwa wazi, urefu wa mikono miwili.

Kitambaa hakikuchanika hata kidogo. Uzi ndio uliokatika. Nilikaa chini ya mwembe na sindano ya mkono nikashona upya, mshono wa kurudi nyuma, uzi mara mbili, nikiupaka nta. Na nilipokuwa nashona, tanga likiwa mapajani, nikaliona kosa lenyewe lakini nisijue dawa yake. Nilikuwa nimeunganisha vipande vilivyonyooka na vipande vilivyonyooka. Ndivyo hema linavyotaka, paa likae bila mfuko wa maji. Tanga linataka tumbo. Tumbo linatoka wapi katika kitambaa bapa?

Mjomba alikuja na chai. Nikamwambia yote, tangu Masese. Akasema, "Nilijua tangu Masese, mwanangu. Kunywa."

Tuliondoka saa mbili za usiku. Dolwe hadi Mfangano ni kama kilomita hamsini kuelekea kusini mashariki, na kuanzia hapo Mjomba naye alikuwa mgeni. Migingo, kile kijiwe cha mabati kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, kiko mbali zaidi kusini, na hatukuwa na hamu nacho.

Siku ya tano

Usiku kucha upepo wa kaskazini mashariki, mwembamba lakini wa kweli. Nilishika usukani saa mbili nzima, mara yangu ya kwanza, huku Mjomba amelala na mguu wake mmoja juu ya kamba ya tanga ili mguu umwamshe.

Kulipokucha, mbele yetu palikuwa na wingu ambalo halikutembea. Binamu alisema ni mvua. Mimi nilisema ni mvua. Mjomba alilitazama muda mrefu, akasema mvua haina mabega. Jua lilipopanda, chini ya wingu kukatokea mstari wa bluu, kisha bega, kisha bega la pili. Mlima ndani ya maji. Kilele chake, Kwitutu, kinafika mita 1,694. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi, kwa hiyo unachokiona kimesimama zaidi ya nusu kilomita juu ya kichwa chako, na kwa mtu aliyetoka kwenye visiwa vya Buvuma vilivyolala chini, hiyo ni habari.

Na kisha nikaona moshi.

Nguzo tatu, nyeusi, zinapanda wima kutoka majini upande wa kaskazini wa kisiwa, zikipinda kule juu kama moshi wa matanuri ya matofali. Nitasema ukweli: mtoto wa Tororo, niliyekua nikiambiwa kwamba jiwe letu limekufa, moyo uliruka. Nikamshika Mjomba mkono. Yeye akacheka hadi akakohoa. "Sami," akasema. "Funga mdomo, funga na pua."

Ni nzi wa ziwa. Wanakua kwenye tope la chini, kisha siku za mwezi mpya wanapanda kwa mamilioni yasiyo na hesabu, wanaruka, wanajamiiana, wanakufa. Hawaumi. Nguzo moja ilitupitia ikatubadilisha rangi: boti ikawa kijivu, chai ikawa uji, tanga langu jeupe likawa kama limepakwa majivu. Samaki walikuwa wakiruka pande zote kula walioanguka. Binamu yangu, ambaye hakufunga mdomo, hakutaka chakula mpaka jioni.

Kisha upepo ukafa, na mlima ule uliokuwa karibu ukakataa kusogea. Saa tatu, saa nne, saa tano. Shwari ya katikati ya ziwa ni kitu kizito. Unasikia mbao zikikauka. Tulijaribu injini ya akiba. Binamu alivuta kamba mara arobaini na moja, alizihesabu kwa sauti, na injini haikukohoa hata mara moja. Mama wa yule muuzaji naye tulimkumbuka kwa sauti. Tukashika makasia.

Ukipiga kasia kuelekea mlima una muda wa kuutazama. Kwanza ni bluu, halafu kijani, halafu unaona kwamba kijani kina mistari, ni mashamba yaliyopandishwa kwenye mteremko, halafu mabati yanametameta, halafu magenge ya mwamba mweusi juu ya mashamba. Nilikuwa nikidhani kisiwa cha volkano ni moto uliotoka majini. Mfangano si hivyo. Volkano yenyewe inaitwa Kisingiri, ilikuwa kubwa, na katikati yake ni vile vilima vya Rangwa kule bara. Mfangano na kisiwa jirani cha Rusinga ni mabaki ya ubavu wake. Ilitapika zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita, wakati ziwa halipo hata kwa ndoto. Majivu yake yalifunika wanyama na miti ya Rusinga kwa upole hata Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, mwaka 1948, akapata pale fuvu la Proconsul, sokwe wa kale wa miaka kama milioni 18. Ziwa ni mtoto. Lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo mlima haukuja majini. Ulikuwa umesimama hapo, umezeeka, umekwisha kupoteza kichwa, ndipo maji yakaja yakauzunguka.

Saa nane upepo wa mchana ulitoka magharibi, nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima tanga langu bapa halikuwa na cha kulaumiwa: ukisukumwa mgongoni hata mlango utakupeleka. Tuliingia Sena, mwalo wa Mfangano, kabla ya magharibi. Watoto walikimbia ufuoni wakipiga kelele kwa Kijaluo, wakaliona tanga, wakanyamaza, kisha wakaanza tena kwa nguvu zaidi. Wazee wa kamati ya ufuo waliandika majina yetu kwenye daftari, wakatazama karatasi, wakauliza mara mbili kama kweli tumetoka Jinja bila injini. Tunayo injini, Mjomba alisema, tumeibeba kama mgonjwa.

Nilishuka na kuokota jiwe kabla ya kunawa uso. Zito, kijivu kilichokolea, na ndani yake vipande vya mawe mengine vya kila ukubwa, kama zege iliyochanganywa na fundi mlevi. Kule Dolwe jiwe lina chembe zinazometa, kila chembe imekaa mahali pake. Hili lilirushwa, likaanguka, likagandana na chochote kilichokuwa karibu.

Siku ya sita

Asubuhi Mjomba alipotea. Nilimkuta kwa bibi mmoja wa Kisuba, wamekaa kwenye kigoda kimoja kila mtu upande wake, wanahesabu. Waabasuba wanasimulia kwamba mababu zao walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Uganda, wakikimbia fitina za Buganda. Leo wengi wao wanazungumza Kijaluo, na Kisuba kimebaki zaidi vinywani mwa wazee. Bibi alitaja neno, Mjomba akatoa la Kisamia, nami nikaongeza la Kiganda la sokoni, na kila yalipokaribiana bibi alipiga goti lake kofi. Kwa vidole vya mkono tulielewana kabisa.

Baadaye kijana wa hapo alinipandisha Mawanga, kwenye pango lenye michoro: duara ndani ya duara, jekundu, jeupe. Inasemwa ni kazi ya Watwa, wawindaji waliokuwapo kabla ya wote. Nilisimama pale mdomo wazi kwa sababu nyingine. Nikiwa darasa la sita tulipelekwa Nyero, kule Kumi, na ukutani kulikuwa na duara ndani ya duara, jekundu. Kutoka Kumi hadi hapa ni safari ya siku.

Lakini nilikuja kwa ajili ya matanga, na nilipoteremka yalikuwa yameegeshwa manne, yamechakaa, yameshonwa kwa turubai kuukuu na magunia, kiraka juu ya kiraka. Kwa macho ya dukani kwangu ni aibu. Mwenye moja, mzee mwenye kofia ya sufi jua lile lote, alilishika langu akapitisha kidole gumba kwenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hili ni hema, mama," akasema. "Limenyooka mno."

Akatandaza lake mchangani. Halikukubali kulala. Alibonyeza upande huu, likavimba ule. Akaligeuza akanionyesha: ukingo wa kila kipande haukuwa umenyooka, umekatwa kwa mpindo, vidole vitatu katikati, sifuri kwenye ncha. Unashona mpindo juu ya mnyoofu, na kitambaa kinalazimika kubeba tumbo. Ni kitu ambacho mshona blauzi anakijua tangu mwaka wa kwanza. Kifua cha blauzi! Nilicheka peke yangu pale ufuoni hadi mzee akadhani namcheka yeye, nikaomba radhi.

Sikuwa na haja ya kitambaa kipya. Nilichora mpindo kwa kipande cha mkaa, vidole vitatu, nikaanza kufumua mshono wa kwanza. Ule wa tatu, wa Dolwe, uliniuma kuufumua, kwa kuwa ulikuwa mzuri. Jua lilishuka nyuma ya ziwa, upande wa kwetu. Mjomba alikuja akasimama akitazama nyuzi zilizotapakaa mchangani.

"Upepo wa usiku utaanza saa nane," alisema. "Utakuwa umemaliza?"

Nikamwambia alete taa.